Miguu ya Mwenye Kisukari na Hatari ya Soksi za Kubana

Somo la redio kwa vikundi vya kisomo cha watu wazima, Usevya

Aliye mbali na redio na asogee karibu. Na wewe unayesoma somo hili katika karatasi, soma polepole. Ukifika mwisho wa sehemu moja, simama kidogo, mwulizane na mwenzako mmeelewa nini, ndipo mwendelee.

Somo letu la leo ni habari za miguu ya mtu mwenye ugonjwa wa kisukari. Labda utasema, "Mimi sina kisukari, basi somo hili si langu." Ngoja kwanza. Mwaka 2012 watu wazima wa Tanzania walipimwa katika uchunguzi wa nchi nzima. Wale wenye umri wa miaka 25 mpaka 64 walionekana kuwa karibu 9 katika kila 100 wana sukari nyingi katika damu. Wengi katika hao hawakuwa wanajua. Kwa hiyo kama si wewe, huenda ni mama yako, au mume wako, au jirani mnayepalilia naye mpunga. Na mwenye kisukari hawezi kuitunza miguu yake peke yake. Anahitaji macho ya mtu mwingine. Ndiyo maana somo hili ni la watu wote.

KISUKARI HUFANYA NINI MIGUUNI?

Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi, huharibu vitu viwili miguuni.

Cha kwanza ni mishipa ya fahamu. Hii ndiyo mishipa inayopeleka habari kutoka mguuni kwenda kwenye ubongo. Ukikanyaga mwiba, mishipa hii hupeleka habari upesi, nawe unainua mguu. Mishipa hii ikiharibika, mtu huanza kusikia ganzi, au kuwaka moto, au kama sisimizi wanatembea katika vidole. Baadaye hasikii kitu. Anakanyaga mwiba asijue. Anaungua asijue. Kiatu kinamchubua asubuhi, naye anaona damu jioni.

Cha pili ni mishipa ya damu. Mishipa inayoleta damu mguuni huwa myembamba na migumu. Damu inayofika ni kidogo. Na damu ndiyo inayoleta chakula cha kuponya kidonda na askari wa kupigana na vijidudu.

Sasa weka mambo haya mawili pamoja. Mtu amepata kidonda, hana habari nacho, na damu ya kukiponya haifiki ya kutosha. Vijidudu vinaingia. Nyama inaoza. Mwisho daktari hana njia nyingine ila kukata mguu ili kuokoa uhai wa mtu.

Maumivu hatuyapendi, lakini maumivu ni mlinzi. Daktari mmoja Mwingereza, Paul Brand, alifanya kazi miaka mingi pale Vellore, India, akitibu watu wenye ukoma. Watu walidhani kwamba vidole vya wagonjwa wale huoza tu kwa ugonjwa wenyewe. Yeye akaona kwamba vidonda vingi vilitokea kwa sababu mtu asiyesikia maumivu huendelea kutembea juu ya mguu ulioumia. Mafundisho yake yakasaidia baadaye kutunza miguu ya wenye kisukari, kwa maana shida yao ni ile ile: mlinzi amelala.

MFEREJI WA KULETA MAJI NA MFEREJI WA KUTOA MAJI

Wewe unayelima mpunga katika bonde la Rukwa utaelewa jambo hili upesi kuliko mtu wa mjini. Fikiri juu ya jaruba lako. Lina mfereji wa kuleta maji, na lina mfereji wa kutoa maji. Mguu nao ni hivyo hivyo. Iko mishipa inayoleta damu kutoka moyoni, na iko mishipa mingine inayorudisha damu moyoni.

Mfereji wa kutoa maji ukiziba, maji hujaa jarubani. Mguu nao, damu isiporudi vizuri, huvimba. Mtu aliyesimama kutwa nzima akipandikiza mpunga huona jambo hilo jioni: miguu ni mizito, na ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki.

Lakini shida inaweza kuwa mahali pengine. Mfereji wa kuleta maji ukiwa umefukiwa, maji hayafiki, na mpunga unakauka. Huko ndiko kisukari kinakoharibu mara nyingi.

Jambo kubwa la somo la leo ni hili: dawa ya mfereji wa kutoa si dawa ya mfereji wa kuleta. Ukichanganya, utaharibu shamba.

SOKSI ZA KUBANA NI NINI?

Soksi za kubana ni soksi ndefu zilizofumwa kwa uzi wa mpira. Hubana zaidi kwenye kifundo cha mguu, na hupunguza kubana kadiri zinavyopanda kwenye goti. Kwa hiyo husukuma damu na maji kwenda juu, na uvimbe hupungua. Ziko pia bandeji za mpira zinazofanya kazi hiyo hiyo. Kwa mtu ambaye mishipa yake ya kurudisha damu ni dhaifu, ni vitu vizuri. Hatuzisemi vibaya.

Lakini sasa tuseme mzee mmoja ana kisukari na miguu yake imevimba. Mwanawe aliye mjini anamtumia soksi za kubana. Au mzee mwenyewe anazikuta mnadani katika rundo la mitumba, anasikia kwamba zinaondoa uvimbe, ananunua. Anazivaa asubuhi. Damu inayoingia mguuni ilikuwa kidogo tangu mwanzo. Sasa soksi inabana hata njia ile ndogo iliyobaki. Soksi imejikunja nyuma ya kifundo na kufanya kamba. Mtu mwenye mguu mzima angesikia maumivu, angeivua. Mzee huyu hasikii kitu. Analala nayo. Siku ya pili akivua, ngozi chini ya ule mkunjo ni nyeusi.

Hapo hapana aliyetaka kumdhuru. Mwana alipeleka zawadi kwa upendo. Kilichokosekana ni kipimo.

Tena usidhani kwamba soksi za kubana peke yake ndizo zenye hatari. Mpira wa baiskeli uliofungwa mguuni ili kuzuia uvimbe, kamba ya dawa iliyokazwa kifundoni, soksi za kawaida zenye lastiki kali: vyote hivyo hufanya kazi ile ile mbaya. Dukani ziko pia soksi nyingine zinazoitwa soksi za wenye kisukari. Hizo ni laini, na kazi yake ni kutobana. Usizichanganye na hizi tunazozisema.

NANI ASIVAE?

Mwaka 2020 wataalamu wa nchi mbalimbali waliandika pamoja maneno ya kuwaonya waganga juu ya jambo hili. Walitaja watu ambao hawafai kubanwa miguu. Hawa ndio baadhi yao:

1. Mtu ambaye mishipa yake ya kuleta damu mguuni imeziba sana.
2. Mtu mwenye kisukari ambaye fahamu za miguu zimepotea sana, au ambaye ngozi yake iko katika hatari ya kufa.
3. Mtu ambaye moyo wake umechoka sana.

Tunajuaje kwamba damu inafika mguuni? Mganga wa zahanati hugusa mahali pawili: juu ya mguu, na nyuma ya kifundo upande wa ndani. Hapo hutafuta mapigo ya damu. Tena katika hospitali kubwa hupima msukumo wa damu mkononi, kisha hupima kifundoni, halafu hulinganisha namba hizo mbili.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme mkononi ni 120, na kifundoni ni 120. Namba ni sawa, basi damu inafika vizuri. Tuseme mkononi ni 120, na kifundoni ni 60. Hiyo ni nusu tu. Wataalamu wale walisema kwamba kifundo kikiwa chini ya sehemu 6 katika 10 za mkono, usibane. Sehemu 6 katika 10 za 120 ni ngapi? Ni 72. Basi 60 iko chini ya 72, na mtu huyo asivae soksi za kubana.

Lakini kisukari kina ujanja. Mishipa ya mgonjwa huweza kukakamaa kama bomba la chuma, isibonyezeke na kipimo. Namba itatoka kubwa, na mtu atadhani ni mzima. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari huenda akahitaji kupimwa msukumo katika kidole gumba cha mguu pia. Kipimo hicho hakipatikani kila mahali. Basi kama hujapimwa, usivae.

Na jambo moja zaidi. Kuvimba miguu kunaweza kuwa ishara ya ugonjwa wa moyo, au wa figo, au matende. Ukiubana uvimbe bila kujua chanzo chake, umeficha ugonjwa. Mguu mmoja ukivimba ghafula, ukawa na joto na wekundu, hata kama hauumi, nenda ukatazamwe siku hiyo hiyo. Huenda ni vijidudu, huenda ni damu iliyoganda, huenda ni mifupa ya mguu inayovunjika polepole kwa sababu ya kisukari.

ALIYERUHUSIWA AVAEJE?

Huenda mganga amekupima, akakuambia kwamba soksi hizo zinakufaa. Basi fuata mambo haya:

Upimwe mguu asubuhi, kabla haujavimba, ili upate saizi yako wewe. Usiazime ya mwenzako.
Vaa asubuhi, vua usiku. Usilale nayo ila mganga amekuagiza.
Inyooshe vizuri. Usikunje sehemu ya juu, kwa maana mkunjo mmoja hubana mara mbili.
Tazama ngozi kabla ya kuvaa na baada ya kuvua. Kama huoni vizuri, mtu mwingine akutazamie.
Vidole vikiwa baridi, au vyeupe, au vya buluu, au mguu ukianza kuuma, vua mara moja na umwone mganga.
Ukipata kidonda, acha kuvaa mpaka mganga aseme tena.

JARIBIO LA KUFANYA DARASANI

Katika hospitali ya mji wa Ipswich, Uingereza, madaktari walitengeneza jaribio jepesi ambalo halihitaji chombo chochote. Walilitangaza mwaka 2011. Tulifanye sasa, wawili wawili, na baadaye mlifanye nyumbani.

Mmoja avue viatu, alale au akae, afumbe macho. Mwenzake amguse kwa ncha ya kidole cha mkono, polepole sana kama inzi anavyotua, kwa muda wa kuhesabu moja, mbili. Usibonyeze, wala usipapase. Gusa ncha ya kidole gumba, na kidole cha kati, na kidole cha mwisho. Kisha fanya hivyo mguu wa pili. Jumla ni vidole 6. Aliyefumba macho aseme kila mara anaposikia kuguswa.

Akikosa kusikia vidole 2 au zaidi, fahamu zimepungua. Aende zahanati akapimwe sukari na miguu. Jaribio hili si badala ya mganga, lakini linakuambia nani asingoje.

MAMBO YA KUFANYA KILA SIKU

Sasa tuone kazi za kila siku. Hazihitaji fedha nyingi.

Kila jioni, tazama miguu yote miwili: juu, chini, na katikati ya vidole. Nyayo zitazame kwa kioo, au mjukuu akutazamie. Tafuta mchubuko, lengelenge, ufa, wekundu, usaha, au mwiba.

Osha miguu kwa maji ya vuguvugu na sabuni, wala usiloweke. Maji ayapime mtu mwenye fahamu nzima, kwa kiwiko cha mkono. Mwenye kisukari asiamini mguu wake mwenyewe, wala asiote moto kwa kunyoosha nyayo jikoni. Watu wengi wameungua hivyo bila kusikia.

Kausha vizuri, hasa katikati ya vidole. Paka mafuta juu na chini ya mguu ili ngozi isipasuke, lakini usipake katikati ya vidole, kwa maana unyevu huleta ukungu.

Kata kucha kwa kuzinyoosha, usichimbe pembeni. Sugu usiikate kwa wembe. Funza asitolewe na mtoto kwa pini ya mchezo, nenda zahanati.

Usitembee miguu mitupu, hata ndani ya nyumba, hata kwenda chooni usiku. Kandambili ni bora kuliko kukosa, lakini zina mkanda unaochubua katikati ya vidole, na mtu mwenye ganzi huzipoteza njiani asijue. Katambuga ni ngumu kwa chini na huzuia miiba, lakini hakikisha kwamba misumari haikutokeza ndani na mikanda haisugui. Viatu vilivyofunikwa mbele, vyenye nafasi ya vidole, ndivyo bora. Vinunue jioni, wakati mguu umetanuka. Kila asubuhi kung'uta viatu na upapase ndani kwa mkono kabla ya kuvaa.

Jarubani kazi ni ya maji na matope. Vaa viatu vya mvua pamoja na soksi safi. Ukitoka, vivue, osha miguu, kausha, utazame.

HABARI ZA PANYA

Katika nchi ya mpunga kuna maghala, na penye maghala kuna panya. Wazee husema kwamba panya huuma huku akipuliza, ndiyo maana aliyelala haamki. Lakini mtu mwenye fahamu nzima huamka. Asiyeamka mara nyingi ni yule ambaye mguu wake haupeleki habari.

Jambo hili si hadithi. Mwaka 2005 Daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam waliandika katika jarida la madaktari habari za wagonjwa wa kisukari wa Tanzania walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini. Kwa hiyo lala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro. Kitakukinga na mbu, tena kitamzuia panya. Osha miguu iliyo na harufu ya chakula kabla ya kulala. Magunia ya mpunga yasiwe chumba kimoja na mgonjwa, ikiwa nafasi ipo.

Daktari Abbas huyo huyo alikuwa miongoni mwa walioendesha mpango wa kufundisha madaktari na wauguzi wa Tanzania kutunza miguu ya wenye kisukari, mpango ulioanza mwaka 2004. Mafundisho yao makubwa yalikuwa haya tunayoyasema: tazama mguu mapema, tibu kidonda kikiwa kidogo.

KIDONDA KIKITOKEA

Osha kwa maji safi, funika kwa kitambaa safi kikavu, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Usiseme, "Hakiumi, kitapona." Kwa mtu wa kisukari, kutouma si habari njema.

Usitie majivu, wala kinyesi cha ng'ombe, wala unga wa vidonge. Usikanyage mguu wenye kidonda. Apatikane mtu wa kukupeleka kwa baiskeli au pikipiki. Ukitembea juu ya kidonda, kila hatua inakifungua upya.

Ukiona usaha, harufu mbaya, weusi, au homa, usingoje siku ya mnada wala mwisho wa mavuno. Kutoka Usevya mpaka Mpanda kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi ni safari ya kupita katikati ya Hifadhi ya Katavi, na wakati wa masika barabara husumbua. Kidonda cha leo kinatibiwa hapa hapa. Kidonda cha mwezi mzima ndicho kinachokupeleka huko, na pengine urudi na mguu mmoja. Nauli ya kwenda mapema ni ndogo kuliko bei ya mguu.

Na zaidi ya yote, tumia dawa za sukari kama ulivyoagizwa, na usivute tumbaku, kwa maana tumbaku huibana mishipa ile ile ambayo kisukari kimekwisha kuibana.

MASWALI YA KUJIBU

1. Kisukari huharibu vitu gani viwili miguuni?
2. Kwa nini maumivu huitwa mlinzi?
3. Msukumo wa damu mkononi ni 130, na kifundoni ni 65. Je, mtu huyo avae soksi za kubana? Eleza kwa hesabu.
4. Nani katika nyumba yenu atatazama nyayo za mgonjwa kila jioni? Andika jina lake katika daftari lako.

MANENO YA KUSOMA NA KUANDIKA

ganzi, kifundo, nyayo, mishipa, mkunjo, mchubuko, vuguvugu, zahanati

Ndugu wanakisomo, somo la leo limekwisha. Kesho kutwa mtakapokutana, kila mmoja aje aeleze ni vidole vingapi katika 6 alivyovisikia yule aliyemjaribu nyumbani. Kwaherini.